Watu Kumi na Saba kwa Ijumaa Moja

Jamani, mmenichosha. Tangu nirudi sijavuka barabara ya hapa Kihonda bila mtu kunishika mkono: "Mwalimu Tabitha, Dubai vipi? Ulipanda lile ghorofa refu?" Sikulipanda. Nililiona kwa mbali, juu limejaa vumbi, nikaendelea na shughuli zangu. Sasa nakaa naandika yote mara moja. Msome, mpeane, na atakayeniuliza tena nitamwambia arudi ukurasa wa kwanza.

Kwa wale mnaonijua kama mama wa kwaya tu: mimi natunga jazi ya bendi kubwa. Bendi kubwa maana yake watu kumi na saba, yaani saksafoni tano, tarumbeta nne, trombone nne, kinanda, gitaa, besi na ngoma. Miaka kumi na miwili nimeandika muziki wa watu kumi na saba, na hapa Morogoro sijawahi kupata zaidi ya tisa. Trombone zote nne anazipiga mtu mmoja kwenye kinanda chenye vitufe viwili vilivyokufa. Kazi yangu kubwa kuliko zote, "Vuli", nimeiongoza mpaka mabega yakauma, na sijawahi kuisikia kama nilivyoiandika. Mtunzi mzima, miaka hamsini na nne, hajui alichotunga kinalia vipi! Hicho ndicho kilichonipeleka Dubai. Siyo dhahabu.

Aliyeniita ni Happy, mwanafunzi wangu wa zamani. Anapiga saksafoni, na siku hizi anahudumu kwenye mgahawa wa kahawa kule. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo Mwalimu. Nimewapata. Wako kumi na saba, nimewahesabu mara mbili, na wote wanasoma muziki. Wengi ni walinzi, wengine wa hotelini, tunapiga pamoja kanisani. Njoo na makaratasi."

Morogoro hadi Nairobi

Basi liliharibika Chalinze, kama kawaida ya mabasi nikiwa nimepanda mimi. Nikala mayai matatu ya kuchemsha kwa hasira. Nilifika Dar nikiwa wa mwisho kuingia kwenye ndege, na Nairobi, ambako nilitakiwa kubadilisha, ndege ya Dubai ikachelewa saa saba.

Pale kwenye viti nilikaa na dada mmoja wa Singida, Mwanaidi, aliyekuwa anarudi kwenye kazi za ndani baada ya likizo.

"Wewe unaenda kwa madam wa wapi?" akaniuliza.

"Siendi kwa madam. Naenda kuongoza bendi."

Akanitazama kwa huruma. "Dada yangu, na mimi mara ya kwanza niliwaaga watu nikasema naenda kusoma."

Nikamweleza upya. Hakuamini hata nukta. Akaanza kunifundisha kazi. Madam akisema yalla, usimalize kwanza ulichokuwa unafanya. Akisema khalas, usiongeze neno. Mtoto wa nyumba akilia, lia naye kidogo, atanyamaza kwa mshangao. Ikabidi nifungue begi nimwonyeshe mafaili yangu kumi na saba, kila faili na chombo chake. Alifungua la besi, akaliangalia weee, akalifunga taratibu.

"Hawa wamekuandikia mkataba wa Kichina," akasema. "Umeshasaini?"

Tulipoitwa kupanda alinipa kashata mbili na namba yake ya simu, nimpigie nikiteswa. Mwanaidi, kama haya yatakufikia, sikuteswa. Ila kashata zako zilinifaa sana.

Uwanja wa ndege, Dubai

Sanduku langu la nguo lilibaki Nairobi. Mafaili sikuyaachia mtu, niliyabeba kifuani safari nzima. Ndiyo yaliyonisimamisha kwa afisa wa ukaguzi, kijana mstaarabu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Nini hii?"

"Muziki."

Akapekua karatasi moja, ya pili, ya tatu. "Muziki uko wapi?"

Nikamwonyesha vile vidoti. Akachomoa karatasi moja katikati, akanirudishia, akasema niimbe. Hebu fikirini, kati ya mafaili kumi na saba alichomoa la ngoma! Nikajikaza. "Tsi, tika-tsi, tika-tsi, pu!" Foleni nyuma yangu ikanyoosha shingo. Afisa akaita wenzake wawili, akaniomba nirudie. Nikarudia, nikaongeza na toazi la mwisho, ambalo ni "tshaaa" moja ndefu, na nikalipiga kwa mkono hewani. Walicheka mpaka mmoja akashika meza.

"Khalas, mama. Karibu Dubai."

Hilo ndilo lilikuwa onyesho langu la kwanza nje ya nchi, na nilipigiwa makofi.

Al Nahda

Happy anakaa Al Nahda, kwenye ghorofa la kumi na nne, wanawake saba katika vyumba viwili, kila kitanda na pazia lake. Nilipewa kitanda cha juu. Nilipewa na nguo za Happy, maana sanduku bado. Happy ni mwembamba, mimi siyo, na tuishie hapo.

Siku ya pili, Jumanne, tukaenda mazoezini, kwenye ukumbi waliokodi karibu na hapo kwa saa mbili. Walikuja kumi na mmoja. Wengine walikuwa zamu, kwa sababu mlinzi kule anafanya saa kumi na mbili kwa siku, na hakuna siku wote kumi na saba wamewahi kuwa huru pamoja. Isipokuwa Ijumaa hii, Happy akasema. Kule Ijumaa ndiyo Jumapili yao, hata makanisa yanajaa Ijumaa. Kila mtu alikuwa amebembeleza, amebadilishana zamu, amelipia siku ya mwenzake kwa siku zake mbili, ili Ijumaa saa tisa alasiri wakae wote. Mimi nilikuwa na Ijumaa hiyo moja tu. Jumamosi narudi.

Nikagawa mafaili. Nikahesabu, moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Nikahesabu tena. Kimya. Wanaume wazima wamekodolea karatasi macho kama wanasoma barua ya msiba.

Akainua mkono jamaa mmoja mrefu wa nyuma, Simiyu, Mkenya wa Bungoma, trombone ya nne.

"Mwalimu, hizi karatasi ni safi sana. Tumeshukuru. Sasa zile za kusoma ziko wapi?"

"Ndizo hizo!"

"Hapana, Mwalimu. Zenye do, re, mi."

Nilitaka kukaa chini. Wote wanasoma muziki, ndiyo, na wanasoma vizuri kuliko mimi. Lakini wanasoma solfa, ile ya kwaya, herufi na nukta. Nota za mistari mitano hawazijui kabisa, kasoro Happy niliyemfundisha mwenyewe na mpiga kinanda. Nikamgeukia Happy. Akasema, "Mwalimu, nilidhani unajua. Kwaya zote si ndivyo zinavyosoma?"

Na kweli nilipaswa kujua! Mimi mwenyewe nililelewa na solfa, kwaya ya bibi yangu, nikaisoma kabla ya kusoma Kiswahili. Nilipojifunza nota za mistari mitano nikajiona nimepanda daraja, nikaitupa kule. Miezi mitatu nilikaa nahamisha funguo za tarumbeta na saksafoni, maana kwenye mistari mitano kila chombo kina ufunguo wake, kumbe kwa mtu wa solfa do ni do, hata umwamshe usingizini. Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimkasirikia Happy, nikamkasirikia Simiyu, nikawakasirikia hata wenye ukumbi. Aliyestahili hasira alikuwa mimi, lakini huyo nilimweka wa mwisho.

"Basi," nikasema, "nitaandika upya. Yote."

"Yote kumi na saba?" Simiyu akauliza. "Na leo ni Jumanne?"

Nikachukua ubao nikawaandikia mstari mmoja wa mwanzo tuone. Wakauimba mara moja, safi, bila kuparamia. Halafu Simiyu akainua tena mkono.

"Mwalimu, pole kukusumbua. Kanisani hii fe, hii fa ya kupandisha, tunakutana nayo mara moja kwa wimbo, tena karibu na Amina. Wewe umeweka sita kwa mstari mmoja. Zote ni za lazima?"

"Za lazima."

"Sawa. Hakuna shida. Nilikuwa nauliza tu."

Al Ras

Jumatano nilitafuta pa kuandikia. Nyumbani kwa Happy haikuwezekana, wenzake wa zamu walikuwa wamelala, taa zimezimwa, na meza hakuna. Nikapanda treni mpaka Al Ras, nilikoambiwa kuna maduka ya karatasi. Nikapotea kwenye vichochoro vya viungo, nanung'unika mwenyewe, "la, ta, do, ma," mpaka mtu akaniita kutoka dukani.

"We bibi! Watoka wapi, wasema peke yako juani hivyo?"

Alikuwa Bwana Seif, mzee wa Kizanzibari, mwenye duka la hiliki na mdalasini. Familia yao iko pale tangu yeye hajazaliwa, na Kiswahili chake utadhani aliondoka Unguja jana. Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Alisogeza magunia mawili, akaweka ubao juu, akaleta kiti.

"Kaa hapa uandike. Ila usiniegemee hiliki, yavunjika."

Niliandika siku hiyo nzima na Alhamisi asubuhi yote. Mkono ulivimba. Mchana mjukuu wake wa kike akatuletea wali na samaki wa kukaanga na achari ya ndimu, na hapo nikasahau mkono. Wateja walinipita wakiuliza bei, wengine wakanunua wakidhani mimi ndiye karani. Bwana Seif alikuwa anapenda taarabu, na kila nikimaliza karatasi aliomba nimuimbie kidogo.

"Hii do yako haina kwao," akasema kuhusu saksafoni ya pili. "Yazurura."

"Ndiyo jazi hiyo, Bwana Seif."

"Haya. Mie simo."

Alhamisi, nikiwa nakunywa kahawa, mchukuzi mmoja wa mkokoteni akaja kuchukua mzigo wa pilipili manga, akabeba na karatasi za saksafoni zilizokuwa juu yake, tano zote, akaondoka. Nimemkimbiza na gauni la Happy! Lilipasuka upande. Nilimkuta kichochoro cha tatu, kashashusha, na mwenye duka la huko ananiuliza kwa Kihindi na ishara kama karatasi ni risiti. Nikarudi na saksafoni zangu zikinuka pilipili. Mazoezini jioni walipiga chafya wakati wote, lakini walipiga. Walipiga, jamani! Walikuwa kumi na tatu, na kwa mara ya kwanza nikasikia tarumbeta nne kwa pamoja.

Halafu simu ya Happy ikalia. Alikuwa Simiyu. Mlinzi mwenzake ameugua, likizo yake ya Ijumaa imefutwa.

Jumeirah Lake Towers

Nisingekubali. Nimeandika kumi na saba, nimevuka bahari kwa kumi na saba, halafu nisikie kumi na sita? Ijumaa asubuhi, Happy akiwa kanisani, nikapanda treni tena mpaka Jumeirah Lake Towers, kwenye ghorofa analolinda Simiyu.

Nilimkuta kwenye dawati lake, suti ya ulinzi imepigwa pasi, karatasi yangu ameificha chini ya daftari la wageni, mkono wa kulia unakwenda mbele na nyuma hewani. Alikuwa anafanya mazoezi ya trombone bila trombone. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri lifti na mbwa wake alishasogea mbali.

"Simiyu!"

Akasimama wima. "Mwalimu, karibu. Andika jina hapa."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Ni sawa, lakini lazima uandike. Jina, saa, na unayemtembelea."

Nikaandika. Chini ya sababu ya ziara nikaandika "trombone". Akasoma, akapiga muhuri.

Msimamizi wake akashuka. Kila mtu pale anamwita "sir", na mimi nikamwita "sir", ingawa ni kijana ningeweza kumzaa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba leo saa tisa, mara moja tu, namhitaji Simiyu.

"Anapiga nini?"

"Trombone ya nne."

Akafikiri. "Zile tatu nyingine zipo?"

"Zipo."

"Sasa ya nne ya nini?"

Nilimpa somo. Nilimweleza sauti zinavyopangwa, nani anakaa chini ya nani, kwa nini nyumba haiwezi kukosa kona moja. Niliimba sehemu zote nne zamu kwa zamu, pale mapokezi, na yule mama wa mbwa akarudi kusikiliza. Sir alisubiri nimalize, akatazama saa yake, akasema, "Inshallah," akaingia kwenye lifti.

Nikabaki sijui nimepata au nimekosa. Simiyu akasema nisiulize tena, hiyo inaharibu. Nikampigia Happy, akasema hiyo ni ndiyo. Mpiga besi akiwa pembeni yake akasema hapana, hiyo ni hapana yenye adabu. Nikampigia Bwana Seif, akaniambia inshallah ni inshallah, mama, nenda ukavae.

Ijumaa, saa tisa

Ukumbi ulijaa. Watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wengine wametoka swala, Wakenya, Watanzania, Waganda, mama wawili na vigelegele vyao tayari mdomoni. Mimi na gauni lililoshonwa ubavuni kwa uzi mweusi. Mbele yangu watu kumi na sita na kiti kimoja kitupu.

Tulipiga nyimbo tatu fupi, na "Vuli" nikaisogeza mwisho nikivuta muda. Nikatangaza, nikaeleza historia ya wimbo, nikaeleza tena. Watu wakaanza kukohoa. Nikainua mikono kwa uchungu, na mlango wa nyuma ukafunguka. Simiyu, na suti yake ya ulinzi, kofia kichwani, trombone kwenye mfuko wa plastiki wa dukani! Alipita katikati ya watu akisema samahani, samahani. Sir alikuwa amempa saa yake ya chakula, na njia peke yake ilishakula nusu.

"Twende, Mwalimu," akasema akiwa bado hajakaa. "Twende tu."

Tukaenda. Na mimi nikasikia. Nilisikia saksafoni zikianza kama nilivyozisikia kichwani miaka yote ile jikoni kwangu, nikasikia tarumbeta zikiingia juu yake, na trombone nne chini, nne kweli, siyo kinanda. Nililia. Mikono inaongoza, machozi yanashuka, na pua pia, na sina mkono wa kuifutia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Halafu tukafika ukurasa wa mwisho, pale wote kumi na saba wanapopiga kwa nguvu zote mpaka mwisho. Na ikawa matope. Sauti zilirundikana, hujui hii ni nini na ile ni nini. Nikatafuta aliyekosea. Nikapita uso kwa uso, mstari kwa mstari, kwa sababu nimezoea kumpata mtu. Hakuna aliyekosea. Walikuwa wanapiga nilichoandika, fe zote mahali pake. Nilichoandika ndicho kilikuwa kibaya. Kwenye karatasi kilipendeza, na tukiwa tisa hakikujitokeza. Niliwajaza wote pale mwisho kwa sababu nilikuwa na njaa nao, nikapakua kama mtu aliyefunga kutwa.

Watu walisimama. Vigelegele, makofi, Happy ananikumbatia na saksafoni yake inanichoma tumbo. Simiyu tayari alikuwa anarudisha trombone kwenye mfuko, dakika zake zimekwisha. Alinipitia mbio.

"Mwalimu, yangu ilisikika?"

"Ilisikika, baba. Ilisikika kabisa."

Akavaa kofia, akakimbia. Sikumwambia mtu lolote. Happy aliponiuliza mbona nimepoa, nikasema nimechoka.

Nyumbani

Sanduku langu lilifika Dubai Jumamosi, mimi nikiwa angani naelekea nyumbani. Limenifuata juzi, nguo zote safi, hazijavaliwa.

Ndani ya ndege nilitoa penseli na kifutio. Ule mwisho nimeufuta wote. Sasa wanaanza kunyamaza, ngoma kwanza, halafu saksafoni, halafu tarumbeta, kundi kwa kundi, mpaka anabaki mtu mmoja. Nimeandika kwa solfa moja kwa moja, safari hii sikupoteza muda. Nilipofika nikapiga picha karatasi ya trombone ya nne, nikaituma. Simiyu akanipigia akiwa zamu.

"Mwalimu, hapa nimeona mapigo arobaini ya kimya. Si umesahau kitu?"

"Sijasahau."

"Nahesabu tu?"

"Unahesabu tu."

"Hiyo naiweza. Mimi nalipwa kusimama saa kumi na mbili bila kufanya kitu." Nikasikia kengele ya lifti, akamjibu mtu kwa Kiingereza kwamba ni ghorofa la tisa, akarudi. "Na hii so ndefu ya mwisho, ni nani anapiga na mimi?"

"Hakuna."

"Hakuna? Na wale wengine?"

"Wapo. Wanakusikiliza wewe."

Nikasikia akifunga daftari la wageni.

"Kumbe na wewe ulisikia ile ya kwanza haikuwa sawa," akasema.

"Kwani nyinyi mlisikia?"

"Tulisikia sana, Mwalimu, sisi wote. Lakini tukikuangalia ulikuwa unalia, tukasema labda jazi ndiyo iko hivyo."